Mali Bila Daftari: Maneno juu ya Fedha ya Chama na Sauti ya Chama

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Songo Mnara)

Bwana Mwenyekiti, wazee wa kijiji mliotukaribisha, na ninyi mabwana na mabibi, watumishi wenzetu:

Twawashukuru wenyeji wa kisiwa hiki kwa kutupa kivuli na maji ya kunywa. Wengi wetu tumevuka leo asubuhi kutoka Kilwa Masoko, na kwa kuwa maji yalikuwa yamekupwa, chombo hakikuweza kufika pwani. Tukavua viatu, tukashuka, tukapita majini katikati ya mikoko, na makaratasi ya mkutano tukayaweka vichwani. Hatusemi hivi kwa kulalamika, maana wenyeji hupita njia hiyo kila siku. Twasema kwa sababu ndicho chanzo cha maneno yetu. Mwalimu apangiwaye kazi visiwani, muuguzi aletaye dawa za chanjo, na karani aletaye hati, wote huvuka kwa chombo chochote wakipatacho, na mara nyingi chombo hicho hakina hata kifaa kimoja cha kuokolea maisha.

Kwa hiyo lipo azimio mbele yenu. Lasema kwamba kila mwanachama atoe shilingi 2,000 kila mwezi, kwa muda wa mwaka mmoja, ili Chama kipate fedha ya kutangaza dai letu hadharani: kuchapa makaratasi, kulipia nafasi katika redio, na kuwapeleka wajumbe Dar es Salaam. Dai lenyewe ni moja, yaani chombo imara cha kuwavusha watumishi, chenye vifaa vya kuokolea. Sisi twaliunga mkono dai hilo kwa moyo wote. Walakini Katibu ametuomba tuseme juu ya jambo jingine lililo nyuma ya azimio, nalo ni hili: fedha ya kusemea itoke kwa nani, na ni nani atakayeiangalia?

Yafaa tuanze na aibu yetu wenyewe, maana asemaye juu ya daftari za wengine sharti afungue yake kwanza. Mwaka jana Chama kilichanga fedha kwa kazi hii hii. Michango ililetwa kwa simu, na simu iliyopokea ilikuwa yetu sisi tunaosimama mbele yenu. Tulipokea shilingi 640,000. Tuliposhauriwa kufunga hesabu, tulipata stakabadhi za shilingi 415,000 tu. Zile 225,000 zilizobaki twaamini zilikwenda katika nauli za mashua, chakula cha wajumbe, na kuchapa makaratasi mara ya pili baada ya yale ya kwanza kulowa. Twaamini hivyo, lakini imani si stakabadhi. Fedha ya Chama ilikuwa imechanganyika na fedha ya nyumbani kwetu katika simu moja, na hakuna mtu awezaye kuapa kwamba shilingi hii ilikuwa ya mikoko na ile ya unga. Wazee walisema zamani: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumesomeshwa na wamisheni kuandika hesabu kwa mistari miwili, na kila siku twaziandika za Serikali hata senti ya mwisho. Lakini za wenzetu tuliziandika kichwani.

Tena lipo jambo la pili la mwaka jana ambalo hamkuambiwa. Askari mmoja wa polisi, aliyevuka pamoja nasi siku bahari ilipochafuka akashika kata kufua maji kama sisi sote, alikuja jioni akaleta shilingi 10,000. Akasema, "Nanyi mkisema, semeni na kwa ajili yetu." Tulizishika usiku kucha, na asubuhi tukazirudisha. Alihuzunika, nasi tulihuzunika. Baadhi ya wanachama waliopata habari walituuliza kama fedha ya askari ina harufu gani. Haina harufu. Lakini sheria ya ajira na mahusiano kazini ya mwaka 2004, iliyo msingi wa vyama vya wafanyakazi katika nchi yetu, haiwahusu askari wa Jeshi la Polisi, wala wa Magereza, wala wa Jeshi la Wananchi, wala wa Jeshi la Kujenga Taifa. Kadhalika Katiba yetu yawakataza wasijiunge na chama chochote cha siasa. Hata Mkataba wa Kimataifa wa mwaka 1948 juu ya uhuru wa kuunda vyama vya wafanyakazi uliacha mambo ya polisi na majeshi mikononi mwa sheria za kila nchi. Tungalipokea fedha ile kwa siri, tungalimtia yeye katika hatari ya kazi yake, na Chama katika hatari ya kuambiwa kwamba kinachochea askari. Basi, tuliona heri huzuni ya siku moja.

Lakini neno lake halikututoka, likatufanya tutafute habari za nchi ambako polisi wanacho chama chao. Twaomba mtuvumilie tuwasimulie habari moja, maana ndani yake mna mambo yote mawili, yaani fedha na uangalizi.

Katika mwezi wa Agosti 1918, vita kuu ingali ikiendelea, polisi wa London waligoma. Mishahara yao ilikuwa midogo, na bei za vitu zilikuwa zimepanda. Waziri Mkuu, Lloyd George, aliwaongezea mshahara, lakini chama chao cha wafanyakazi hakikukubaliwa. Mwaka 1919 wakagoma tena, hasa Liverpool, na safari hii waliogoma wakafukuzwa kazi. Bunge likatunga Sheria ya Polisi ya mwaka 1919: askari akakatazwa kuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, na badala yake likaundwa Shirikisho la Polisi la Uingereza na Wales, ili askari wapate mahali pa kuleta mambo ya hali zao na ya ufanisi wa kazi yao. Basi angalieni: chombo cha kumsemea askari kiliundwa na yule yule ambaye askari angetaka kusema naye.

Miaka ikapita, Shirikisho likawa na nguvu na mali. Wanachama walikatwa ada, na juu ya hayo fedha ya umma ilisaidia kulipa mishahara na gharama za wakubwa wake. Mwezi wa Mei 2012 maelfu ya askari waliandamana London kupinga kupunguzwa kwa fedha za polisi, na kati yao 16,000 walivaa kofia nyeusi, kuonyesha idadi ya kazi za polisi zilizokuwa hatarini. Hiyo ilikuwa sauti iliyoeleweka: kila mtu aliona dai, akaona na wenye dai.

Lakini mwezi wa Septemba mwaka huo huo yakatokea maneno langoni pa nyumba ya Waziri Mkuu, kati ya askari na waziri mmoja, Andrew Mitchell, aliyeshitakiwa kuwatukana. Yeye alikana kwamba alisema neno baya kuliko yote lililotajwa. Mwaka 2014 hakimu mmoja wa London, katika kesi ya kuvunjiana heshima, aliamua kwamba yaelekea alilisema, au neno linalofanana nalo. Hatutaki kuamua ugomvi wao. Jambo letu ni hili: matawi mengine ya Shirikisho yalianza kampeni kubwa juu ya habari ile. Wakavaa fulana zenye maandishi ya dhihaka, wakasaidiwa na watu wa kazi ya kutangaza habari, wakamwandama waziri hata akaacha kazi mwezi wa Oktoba. Ndipo raia wakaanza kuuliza: Je, hii ni hali ya askari na ufanisi wa kazi yake? Ni nani aliyeidhinisha? Tena ni nani aliyelipa?

Shirikisho lenyewe, na hili ni la kusifiwa, likaomba lichunguzwe. Mkuu wa uchunguzi alikuwa Sir David Normington, aliyekuwa zamani katibu mkuu katika Wizara ya Mambo ya Ndani. Taarifa yake ilitoka Januari 2014, yenye mapendekezo 36. Wanachama walipoulizwa, 91 katika kila mia walisema chama chao sharti kibadilike. Ikaonekana kwamba matawi yalikuwa na akiba kubwa, na mengine yalikuwa na hesabu za pili ambazo wanachama wa kawaida hawakuzijua vema. Normington akataka hesabu zote zitangazwe, na chama kikumbuke faida ya raia pamoja na ya askari. Mwezi wa Mei 2014 Waziri wa Mambo ya Ndani, Bibi Theresa May, akaenda katika mkutano wao mkuu akawaambia kwamba fedha ya umma, pauni 190,000 kwa mwaka, itakoma. Tena kwamba askari hatakuwa mwanachama kwa kuzaliwa tu katika kazi, bali kwa kuchagua mwenyewe. Ukumbi ukanyamaza. Walakini siku hiyo hiyo wajumbe walipiga kura wakakubali mapendekezo yote 36. Na sheria ya mwaka 2017 ikaliweka Shirikisho chini ya sheria ya haki ya kupata habari, hata raia aweza kuuliza akajibiwa.

Mabwana na mabibi, mwaweza kusema, "Hayo ni ya Ulaya." La, hata kwetu yamekuwapo. Mwaka 1922, pale Tanga, Bwana Martin Kayamba, karani aliyesoma Kiungani, Unguja, alianzisha chama cha Waafrika watumishi wa Serikali ya Tanganyika. Makarani wale walikuwa Wakristo na Waislamu pamoja, na walijifunza jambo moja: kwamba mtumishi aweza kumtumikia mwajiri wake kwa uaminifu, na bado akasimama mbele yake kwa adabu akasema neno. Lakini mwaka 1953 Serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake wasiwe wanachama wa Tanganyika African Association. Watumishi wengi wakalazimika kukaa kando. TANU ilipozaliwa mwaka 1954, haikuwa na mfuko wa mtu mkubwa wa kuiendesha. Hata Mwalimu Nyerere alipokwenda New York mwaka 1955 kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, nauli yake ilitokana na michango. Haba na haba hujaza kibaba. Na kwa kuwa ilichangwa hivyo, hakuna aliyeweza kusema, "Maneno yale ni yangu, maana nimeyanunua."

Kisha tukapata uhuru, na jambo likageuka upande wa pili. Mwezi wa Januari 1964, baada ya maasi ya askari wa Tanganyika Rifles, viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa. Shirikisho lao likavunjwa, na kwa sheria ya mwaka uo huo ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote. Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais, na Bwana Michael Kamaliza aliyeshika cheo hicho alikuwa papo hapo Waziri wa Kazi. Ada ilikatwa katika mshahara. Hatukatai kwamba palikuwa na faida: fedha iliingia kwa wakati, na chama hakikuhangaika. Lakini mfanyakazi mwenye dai juu ya Serikali, alipokwenda kwa kiongozi wa chama, alimkuta ni waziri wa Serikali iyo hiyo. Mtu hawezi kuwa mdai na mdaiwa katika kiti kimoja.

Basi katika habari hizi zote twaona mafunzo matatu. La kwanza, anayetoa fedha hupata sikio, hata asipoliomba. La pili, fedha nyingi isiyoangaliwa humfanya msemaji asahau alichotumwa kusema, akaanza kusema yanayompendeza yeye. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. La tatu, uangalizi ukitoka nje peke yake huja kama adhabu, lakini ukianzia ndani huja kama dawa.

Sasa turudi kisiwani. Mmesikia kwamba yuko mfanyabiashara mmoja aliyejitolea kulipia matangazo yetu yote ya redio na mafuta ya wajumbe. Hatutamtaja jina, wala hatusemi kwamba ana nia mbaya. Lakini tujuavyo sisi sote, mtu huyu anacho chombo, na angependa chombo hicho kikodiwe kwa kazi ya kuvusha watumishi. Tukipokea fedha yake, siku ile tutakaposema redioni, "Twataka chombo imara," msikilizaji atasikia, "Twataka chombo cha fulani." Dai letu ni la kweli, lakini kweli iliyolipiwa na mwenye faida yake huonekana kama uwongo. Kadhalika wako wanaosema tuombe ofisi itupe karatasi na mashine ya kuchapia, maana vipo na havitumiki kila siku. Hapana. Karatasi ya Serikali ni ya kazi ya Serikali. Tukiitumia kwa dai letu, tutakuwa tumefungwa mdomo kabla ya kuufungua.

Wako na wazee wetu wanaosema kwamba kudai hesabu ni kumvunjia mwenzio heshima, tena kwamba tukifungua daftari, wasiotupenda watajua tuna kiasi gani, watatungoja tuishiwe. Maneno haya si ya kudharauliwa, maana kweli mwenye mfuko mdogo huogopa kuhesabiwa. Lakini tazameni mashua iliyotuleta. Safari ikiisha, nahodha hutoa mapato mbele ya mabaharia wote, nao huona fungu la chombo, fungu la nahodha, na fungu la kila mmoja. Hakuna baharia anayesema nahodha ametukanwa. Angeficha, ndipo wangenung'unika, na kesho asubuhi asingepata mtu wa kutweka tanga. Na kuhusu wasiotupenda: wakijua tuna fedha kidogo lakini kila shilingi ina stakabadhi yake, watatuogopa zaidi kuliko wakijua tuna nyingi zisizo na mwenyewe.

Tena hatuna budi kukumbuka kwamba sheria ile ya mwaka 2004 yavitaka vyama vya wafanyakazi vilivyoandikishwa viweke vitabu vya mapato na matumizi, hesabu zikaguliwe kila mwaka na mkaguzi aliyeandikishwa, kisha kabla ya mwisho wa mwezi wa Machi zipelekwe mbele ya wanachama na mbele ya Msajili. Chama chetu ni kidogo, lakini kipimo hicho chatufaa.

Kwa hiyo twaomba azimio likubaliwe, lakini liongezwe masharti haya matano:

Kwanza, fedha ya kutangaza madai itoke kwa wanachama peke yao, kwa hiari ya kila mmoja aliyetia sahihi. Asiyetaka kuchangia asisumbuliwe, wala asipunguziwe haki nyingine ya Chama.

Pili, fedha hiyo iwe na hesabu yake benki, mbali na ada ya kawaida na mbali na fedha ya maziko. Isitolewe illa kwa sahihi za watu watatu, na mmoja wao awe mtumishi akaaye visiwani. Isipokelewe tena katika simu ya mtu.

Tatu, kabla ya kusema neno lolote redioni au katika karatasi, Halmashauri iandike neno hilo, lisomwe na wajumbe wa matawi, na gharama yake itajwe. Neno lisilohusu hali yetu na kazi yetu lisilipiwe na mfuko huu, hata likiwa tamu namna gani.

Nne, kila miezi mitatu hesabu ibandikwe mahali ambapo hata asiye mwanachama aweza kuisoma. Dai letu lawahusu raia. Muuguzi akizama, mgonjwa wa kisiwani hapati dawa. Basi raia naye aone.

Tano, wakaguzi wawili wachaguliwe na mkutano huu, wala wasitoke katika Halmashauri. Na sisi tuliopokea fedha ya mwaka jana tusichaguliwe kuwa wakaguzi, wala kushika mfuko, mpaka mkutano uridhike.

Mabwana na mabibi, tumekutana karibu na magofu ya watu walioijua fedha. Watawala wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe za shaba, na nyingi zimefukuliwa hapa Songo Mnara, nyingine makaburini. Sarafu zile hazina mwaka. Lakini upande mmoja zina jina la mtawala aliyezitoa, na upande wa pili zina maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zina vina kama shairi. Hata leo, baada ya miaka mia nyingi, mtu akiokota moja mchangani hujua ilitoka kwa nani. Sisi tuna noti nzuri na simu nzuri, na hatukuweza kujua shilingi 225,000 za mwaka jana zilikwenda kwa nani.

Kwa hiyo twamalizia kwa deni letu. Shilingi hizo 225,000 tutazilipa sisi wenyewe, shilingi 45,000 kila mwezi kwa muda wa miezi mitano, na ya kwanza tunayo hapa mkononi. Hatulipi kwa sababu tumehukumiwa, wala kwa sababu twakiri kuiba; hatukuiba. Twalipa kwa sababu mbeba fedha ya watu asiyeweza kuonyesha ilikokwenda, deni ni lake. Twaomba wakaguzi mtakaowachagua waandike shilingi hizi katika ukurasa wa kwanza wa daftari mpya.

Na yule askari aliyeleta shilingi 10,000, twamwomba asifikiri tumemtupa. Fedha yake haikuweza kuingia katika mfuko wetu, lakini chombo kitakapopatikana, kitamvusha na yeye.

Maji yanajaa sasa. Twaomba Bwana Mwenyekiti apige kura kabla chombo hakijatuita.